Kutu, Joto na Pikipiki Ndogo ya Zamani

Anayefufua pikipiki ndogo kama Honda Z50M ya mwaka 1967 hupambana kwanza na kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo hukaza nyuzi za boliti. Nguvu tupu huikata. Boliti ya chuma ikikwama katika alumini, ipashwe moto alumini inayoizunguka, kwani hutanuka karibu maradufu ya chuma. (Tangi la petroli liwe limekwisha kuondolewa!)

Pistoni iliyoganda ni kinyume chake, na hapa ndipo silinda nyingi huharibiwa: pistoni ni ya alumini, silinda ni ya chuma cha kusubu, na joto likienea kote pistoni huzidi kubana. Hiyo huloweshwa mafuta mepesi siku kadhaa, kisha hugongwa polepole kwa kipande cha ubao.