Ndege wa Tabgha: Somo la Vijiwe



Kijana mwenzangu, leo twende Tabgha, kando ya Ziwa Galilaya. Kanisani pale, panapokumbukwa muujiza wa mikate mitano, kuna sakafu ya mozaiki ya karne ya 5: vijiwe vya rangi vilivyopangwa kimoja kimoja. Karibu na altare kuna kikapu cha mikate na samaki wawili. Pembeni wamejaa ndege wa majini: bata, bukini, mnandi, flamingo.

Kanisa lile la kale lilibomolewa karne ya 7, likafukiwa na kusahauliwa zaidi ya miaka 1,200. Sakafu ilifukuliwa miaka ya 1930. Juni 2015 kanisa jipya lilichomwa moto kwa makusudi, likakarabatiwa, likafunguliwa tena 2017. Jengo likiungua, mafundi wapo.

Ila ndege je? Kaskazini mwa Galilaya kulikuwa na Ziwa Hula na kinamasi chake. Miaka ya 1950 vikakaushwa ili watu walime, na ndege wengi wakakosa makazi. Miaka ya 1990 sehemu ikarudishiwa maji, na leo korongo wanatua huko kwa maelfu. Ashukuriwe Mungu! Lakini aina ikishatoweka kabisa, hata ukirudisha maji hairudi. Ndege wa mozaiki amedumu miaka 1,500, ila hatagi yai.

Mt. Thomas wa Akwino anafundisha kwamba kiumbe kimoja hakitoshi kuonyesha wema wa Mungu, ndiyo maana aliumba vya aina nyingi. Yaani kila aina ni kijiwe. Kikitoka kimoja, picha inabaki na tundu.

Hebu soma Yohana 6:1-13. Watu wameshiba, na Yesu anaagiza vipande vilivyobaki vikusanywe. Aliyelisha maelfu, makombo ya nini? Hakuyahitaji, ila hakutaka yapotee. Basi tusiseme, "Mungu ataumba vingine."

Kwetu Afrika Mashariki, korongo taji, yule wa kwenye bendera ya Uganda, yumo katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka duniani. Sababu mojawapo ni ileile ya Hula: vinamasi kugeuzwa mashamba.

Zoezi la wiki: Mwombe bibi au babu akutajie majina matano ya ndege kwa lugha ya nyumbani. Yaandike. Kisha uliza: yupi haonekani tena, na tangu lini? Jina nalo ni kipande, likiachwa linapotea.

Tuombeane.