Sanaa Huria Si Kuchora

*Shangazi, nimemaliza kidato cha sita, tahasusi ya HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), hapa Tanga. Nimepata nafasi Chuo Kikuu cha Susquehanna, jimbo la Pennsylvania, Marekani, na chuo kitanisaidia sehemu kubwa ya ada. Nataka kusoma uchapishaji na uhariri. Baba mdogo ndiye aliyenilea na ndiye atakayelipa kilichobaki. Ameona chuo kinajiita cha sanaa huria, akasema hatoi pesa zake nikajifunze kuchora halafu nirudi kupiga chapa kadi za harusi. Yeye anataka nisome sheria hapa nyumbani. Nifanyeje bila kumvunjia heshima?*
*Binti wa HKL*

Mwanangu, usimkasirikie baba yako mdogo. Anayetoa pesa ana haki ya kuuliza inakwenda wapi, na maswali yake mawili yana majibu.

La kwanza ni hilo neno. Zamani huko Ulaya sanaa huria zilikuwa elimu saba: sarufi, balagha, mantiki, hesabu, jiometri, muziki na falaki. Kaa naye baada ya magharibi umtajie majina hayo, maana kwa mtu wa Tanga si mageni. Nahau, yaani sarufi, na balagha, mantiki na falaki zimesomwa kwa masheikh wa Pwani kizazi baada ya kizazi. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, mwanachuoni aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, mwaka 1932 alianzisha gazeti la Al-Islah kwa Kiswahili na Kiarabu. Usomi wa mapana na uchapishaji vilikutana kwetu muda mrefu kabla wewe hujapata hiyo barua ya chuo.

Siku hizi chuo cha aina hiyo humtaka mwanafunzi aguse historia, sayansi, takwimu na lugha, na kwa kawaida fani ya kuzama huitaja ifikapo mwisho wa mwaka wa pili kati ya minne. Mhariri hufaidika sana na mpango huo, kwa sababu leo huletewa kitabu cha kilimo na kesho utenzi. Henry Chakava, aliyejenga uchapishaji wa vitabu Kenya kuliko mtu mwingine ninayemjua, alisoma fasihi na falsafa Chuo Kikuu cha Nairobi kabla ya kuingia kampuni ya uchapishaji ya Heinemann mwaka 1972.

Swali la pili ni hizo kadi za harusi. Mpiga chapa ana mashine. Mchapishaji huusoma muswada, huamua utoke au usitoke, huwekeana mkataba na mwandishi, humlipa mrabaha, na kitabu kisiponunuliwa hasara ni yake. Ni kazi ya mambo madogo yanayokula pesa. Karatasi kubwa ya mtambo mara nyingi hukunjwa ikatoa kurasa 16, kwa hiyo kitabu cha kurasa 163 hulipiwa 176, na kurasa 13 zinabaki tupu. Mhariri anayejua kazi atapunguza tatu, kitabu kiishie 160. Nimekaa kwenye meza ya uhariri miaka mingi na bado napokea miswada ambayo hakuna aliyefikiria jambo hilo.

Sheria anayoitaka baba mdogo nayo imo humo. Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1994, na sheria yetu ya hakimiliki ni ya mwaka 1999. Kabla hujakubali nafasi, ipitie orodha ya kozi mstari kwa mstari. Utafute uhariri wa miswada, hakimiliki na mikataba, usanifu wa kurasa, gharama na mauzo. Kama ni hadithi na mashairi matupu, waandikie uwaulize ufundi wenyewe unafundishwa wapi.

Ukifika, nenda kituo cha uandishi wiki ya kwanza. Wanafunzi wengi wa kwetu hukikwepa wakidhani ni cha wanaoshindwa. Ni bure: unakaa na msomaji mmoja mnaipitia kazi yako sentensi kwa sentensi. Ukishazoea, omba kazi hapohapo, maana huo ndio uhariri wenyewe, na viza ya mwanafunzi inaruhusu kazi ndani ya chuo hadi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Jiunge na jarida la wanafunzi, uombe kuchambua miswada inayoingia. Kazi yoyote ya nje ya chuo, hata mafunzo ya likizo, ipitie kwanza ofisi ya wanafunzi wa kimataifa. Ukikiuka hilo unaweza kupoteza viza.

Katika jambo moja baba mdogo yuko sahihi: soko la nyumbani ni gumu. Vitabu vya kiada vya Tanzania viko mikononi mwa Taasisi ya Elimu, na wachapishaji binafsi wanahangaika na vitabu vya ziada na vya fasihi. Kwa hiyo usikiache Kiswahili. Omba mradi wako wa mwisho uwe kuhariri muswada wa Kiswahili, kwa sababu wahariri wa Kiswahili wanaojua pia mikataba na hesabu za kitabu ni wachache mno.

Sasa pesa. Uliza kwa maandishi: je, msaada ni wa miaka yote minne? Bima ya afya, nauli, na mahali pa kulala mabweni yakifungwa, vinalipwa na nani? Mshahara wa kazi ya chuoni ni wa sabuni na vitabu, usiuhesabu kwenye ada. Washauri wa masomo wa EducationUSA kwenye ubalozi wa Marekani Dar es Salaam watakusaidia kuisoma barua ya chuo bila malipo. Nenda na baba mdogo, aulize mwenyewe.

Majibu yakiwa mazuri, nenda. Msaada ukiwa wa mwaka mmoja tu, usimwingize mzee kwenye deni. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kinafundisha uchapishaji, na nauli yake ni ya basi. Tazama pia tarehe ya mwisho ya kujibu. Vyuo vingi vya Marekani husubiri jibu hadi tarehe 1 Mei.