Bunduki ya Michezo kwa Anayeanza: Cheti Kwanza, Bei Baadaye

Baadhi ya wakazi wa Thika na Ruiru wanaovutiwa na mchezo wa kulenga shabaha huanza kwa kuuliza bei ya bunduki. Nchini Kenya, swali hilo huja mwisho. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inakataza mtu kununua au kuwa na bunduki au risasi bila cheti cha kumiliki silaha. Anayelipa kwanza na kutafuta cheti baadaye amevunja sheria, na adhabu yake ni pamoja na kifungo.

Cheti hutolewa na nani?

Hutolewa na Bodi ya Leseni za Silaha, ambayo ni ya Serikali ya Kitaifa. Serikali ya Kaunti haitoi cheti hicho. Yeyote anayedai pesa ili "kukipitisha" kupitia ofisi ya kaunti ni tapeli na aripotiwe polisi.

Mwombaji hueleza sababu ya kutaka silaha na huchunguzwa rekodi yake na afya ya akili. Uwindaji si sababu: ulipigwa marufuku mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inaendeleza marufuku hayo. Kwa mwanamichezo, bunduki ni ya shabaha pekee. Hata anayetaka bunduki ya hewa aulize Bodi kabla ya kununua.

Jifunze kabla ya kununua

Katika Kaunti ya Kiambu kuna uwanja wa shabaha huko Kirigiti. Anayeanza aulize pale kuhusu mafunzo na ada. Huenda akagundua mapema kwamba mchezo haumfai, na hivyo akaokoa fedha nyingi.

Kupata bei nzuri

1. Linganisha bei kwa wauzaji wenye leseni, angalau wawili.

2. Piga hesabu ya risasi. Tuseme bunduki moja ina bei nafuu kwa shilingi 30,000, lakini kila risasi yake ni ghali kwa shilingi 100. Anayefyatua risasi 50 kwa wiki atatumia shilingi 5,000 zaidi kila wiki. Baada ya wiki sita, nafuu yote imekwisha. Ndiyo maana wanaoanza wengi duniani huchagua bunduki ya .22: risasi zake ni ndogo na za bei ya chini, na hairudi kwa kishindo begani.

3. Ongeza gharama ya sefu ya chuma, ada za cheti na za uwanja, na nauli.

4. Kwa bunduki iliyotumika, fundi mwenye leseni akague mtutu usiwe na kutu wala mpindo. Nambari iliyochorwa kwenye bunduki ilingane na iliyo katika cheti cha muuzaji, na uhamisho upitie Bodi kabla ya pesa kutolewa.

Bei ya kutiliwa shaka

Bunduki inayouzwa kwa siri, bila karatasi na kwa bei ya chini mno, huenda iliibwa au ilitumika katika uhalifu. Anayekutwa nayo ndiye atakayetakiwa kujieleza kwanza.

Baada ya kununua, bunduki ifungiwe mahali ambapo watoto na wageni hawawezi kuifikia. Ikipotea au kuibwa, mwenyewe apige ripoti mara moja katika kituo cha polisi kilicho karibu.