Hukumu za Ardhi: Somo kwa Anayetaka Kuwa Wakala



Mwaka huu nimeonelea niwaandikie juu ya jambo linalogusa kila boma katika kaunti yetu, nalo ni ardhi. Sisi wa shule ya kutwa tunaliona njiani kila siku. Kuanzia Malaba mpaka Busia, penye ukuta mpya utasoma maandishi ya rangi: "Ploti hii haiuzwi." Mwenye ukuta hakuandika hivyo kwa ajili ya urembo. Anaogopa broka asije akamuuzia mtu mwingine yeye akiwa safarini.

Wapo wenzetu wanaosema kwamba wakimaliza kidato cha nne watakuwa mabroka, kwani kazi hiyo yataka simu na viatu tu. Hapo inafaa tusahihishane. Kazi ya uwakala ina sheria yake ya mwaka 1984, iliyo Sura ya 533 ya sheria za Kenya. Sheria hiyo yataka wakala asajiliwe na bodi, na anayeifanya kazi hiyo bila kusajiliwa anatenda kosa. Basi anayejiandaa kusajiliwa husoma sheria, lakini sheria peke yake haimtoshi. Lazima asome na hukumu za mahakama.

NGAZI ZA MAHAKAMA

Chini kabisa ni mahakama za mahakimu. Hakimu mkuu anaweza kusikiliza kesi ya mali isiyozidi shilingi milioni 20, nao mahakimu wa chini yake wana mipaka midogo zaidi. Juu yao kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi, iliyotokana na Katiba ya 2010 na sheria ya 2011. Hadhi yake ni sawa na ya Mahakama Kuu, na hapa Busia tunayo. Asiyeridhika hukata rufani katika Mahakama ya Rufani, ambayo ina kituo Kisumu. Kileleni ipo Mahakama ya Juu yenye majaji saba. Kifungu cha 163 cha Katiba kinasema mahakama nyingine zote zinafungwa na maamuzi yake.

HUKUMU HUGEUKAJE SHERIA?

Bunge hutunga sheria kwa maneno ya jumla. Kesi, kwa upande wake, huja na watu, mipaka na machozi. Jaji akishaamua maana ya neno fulani la sheria, mahakama za chini yake hufuata maana hiyo katika kesi zinazofanana. Ndiyo sababu wakili husimama kortini na kutaja kesi ya miaka hamsini iliyopita kana kwamba ni ya jana.

Na je, hukumu ya Tororo au Kampala? Jaji wetu anaweza kuisoma na kushawishika nayo, ila haimfungi. Zamani mambo yalikuwa tofauti kidogo, kwani mpaka 1977 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisikiliza rufani za Kenya, Uganda na Tanzania. Jumuiya ilipovunjika, mahakama hiyo nayo ikaisha.

HUKUMU NNE ZA KUKUMBUKA

Ya kwanza ni Obiero dhidi ya Opiyo, 1972. Mjane aliyesajiliwa kuwa mwenye shamba aliwashtaki wana wa mke mwenza. Wao walidai haki zao za kimila. Mahakama ikasema jina likishaandikwa katika sajili, haki za kimila zimezimika.

Mwaka uliofuata, 1973, ikaja Esiroyo dhidi ya Esiroyo. Safari hii baba alitaka wanawe watoke katika shamba lililosajiliwa kwa jina lake. Baba akashinda. Kwa miaka mingi hukumu hizi mbili zilitumika kuwatoa watu katika mashamba waliyozaliwa.

Ya tatu ni Kiebia dhidi ya M'Lintari, 2018. Mahakama ya Juu ilikataa msimamo ule wa zamani. Ilisema aliyesajiliwa anaweza kuwa ameshika ardhi kama amana ya kimila kwa niaba ya jamaa zake, hata kama hatimiliki haisemi lolote. Lakini si kila anayelia hupewa. Mdai huangaliwa mambo kama haya: je, kabla ya kusajiliwa ardhi ilikuwa ya familia au ukoo? Je, yeye ni wa familia hiyo? Je, undugu wake ni wa karibu, si wa kutafutiza? Je, angeandikishwa yeye pia kama pasingetokea kizuizi? Na je, anayedaiwa ni wa familia au ukoo huohuo?

Mimi niliposoma maswali hayo sikuweza kulala mapema. Shamba la babu yangu liliandikwa jina la mwanawe wa kwanza peke yake, kwa sababu siku hiyo ndiye aliyekuwepo nyumbani. Baba yangu amelima kipande chake maisha yake yote bila karatasi. Mwaka jana binamu mmoja alileta wanunuzi wapime. Nilimsomea baba maswali yale moja baada ya jingine, naye akajibu "ndiyo" mara tano. Kesho yake alikwenda kwa wazee wa ukoo wanaokumbuka, akaandika majina yao. Amana hii huthibitishwa kwa ushahidi, na wazee hawatungoji.

Ya nne ni Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, 2023. Kiwanja kilikuwa Nyali, karibu na bahari. Mwaka 1989 kilitolewa kwa Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi, na baadaye kampuni ikakinunua. Mwaka 2017 kaunti ilibomoa ukuta ili kufungua njia ya kwenda ufuoni. Kampuni ilikuwa na hatimiliki, lakini Mahakama ya Juu ikaamua kwamba ardhi hiyo ilikuwa ya umma na haikutolewa kwa kufuata sheria. Kwa hiyo mnunuzi hakuweza kujikinga kwa kusema alinunua kwa nia njema.

TUNAJIFUNZA NINI HAPA MPAKANI?

Kwanza, wakala asitosheke na sachi ya ofisi ya ardhi. Karatasi itamwambia, kwa mfano, ni South Teso/Angoromo namba fulani na jina la mwenyewe. Haitamwambia ni nani amejenga pale wala ni nani amezikwa pale. Aende shambani, aulize majirani. Kuuliza si ujinga.

Pili, afuate asili ya hatimiliki, hasa ploti zilizo karibu na barabara, soko au mto.

Tatu, mapatano yaandikwe, yatiwe sahihi na pande zote, na shahidi awepo. Shamba la kilimo likiuzwa, ombi la kibali lipelekwe kwa bodi ya ardhi ndani ya miezi sita.

Nne, ndugu zetu wa ng'ambo tunaoana nao, Wasamia kwa Waiteso. Hata hivyo, Kifungu cha 65 cha Katiba kinamruhusu asiye raia kukodi ardhi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Broka anayemwahidi ardhi ya milele anamuuzia mbuzi kwenye gunia.

ZOEZI

1. Kwa nini hukumu ya 2018 ina nguvu kuliko ile ya 1972?
2. Mama anaishi katika shamba lililosajiliwa kwa jina la shemeji yake. Ungemuuliza maswali gani?
3. Waulize wazee wa kwenu: shamba lenu limeandikwa jina la nani?

Swali la tatu msilingojee mtihani. Mali bila daftari hupotea bila habari.