"Motisha" na Adhabu: Tatizo la Istilahi katika Udhibiti wa Usambazaji wa Umeme

Neno motisha huonekana jepesi. Mwalimu humpa mwanafunzi motisha, mwajiri humpa mfanyakazi. Aliyepewa hapati hasara. Linapohamishiwa katika udhibiti wa kampuni zinazosambaza umeme, huanza kuchechemea. Makala haya yanaitazama Uingereza, ambako utaratibu huo ulikomaa mapema.

Kampuni inayomiliki nyaya na transfoma za eneo zima haina mshindani, kwani hakuna atakayesimamisha safu ya pili ya nguzo kando ya ile ya kwanza. Ikirejeshewa kila gharama pamoja na faida, haina sababu ya kubana matumizi. Mwaka 1983 mwanauchumi Stephen Littlechild alipendekeza njia nyingine, wakati huo kwa ajili ya simu: bei ifuate mfumko wa bei, lakini ipunguzwe kwa asilimia iliyowekwa kwa miaka kadhaa. Kampuni ikiokoa zaidi ya hapo, ziada ni yake hadi mapitio yajayo. Ikishindwa, hasara ni yake pia. Upande huu wa pili ndio unaofichwa na neno motisha.

Baadaye Littlechild mwenyewe akawa mdhibiti wa umeme. Agosti 1994 aliamua kwamba ada za usambazaji zipunguzwe kwa kati ya asilimia 11 na 17. Mapema 1995 kampuni ya Northern Electric, ikijihami isinunuliwe na Trafalgar House, iliwaahidi wanahisa wake fedha nyingi mno, hata watu wakauliza iwapo punguzo lile lilitosha. Machi mwaka huohuo mdhibiti alitangaza kuyafungua upya mapitio, na ada zikakatwa tena. Wateja walinufaika. Kampuni nazo zilijifunza kwamba ziada inayoonekana sana huweza kutwaliwa kabla ya wakati wake. Kumbe utaratibu mzima umesimama juu ya ahadi, jambo ambalo motisha haligusi kabisa.

Isitoshe, kubana matumizi kunaweza kuwaacha wateja gizani. Ndiyo maana tangu 2002 mapato ya kampuni hizo yalianza kupanda au kushuka kulingana na idadi na urefu wa nyakati ambazo umeme hukatika.

Kichocheo kina nafuu, maana husukuma bila kuahidi zawadi. Hata hivyo, udhibiti wa tuzo na adhabu, ijapokuwa ni mrefu na hauna mvuto, unafaa zaidi: mlipa bili akiusikia anajua mara moja kwamba kampuni nayo yaweza kutozwa.