Somo la Biblia: Binti za Selofehadi na Haki ya Mwanamke

Soma: Hesabu 27:1–11, Hesabu 36, Yoshua 17:3–6

Tangu mkutano wa Beijing wa mwaka 1995, ambao Katibu Mkuu wake alikuwa Mtanzania mwenzetu, Mama Gertrude Mongella, jina la mji ule limekuwa mzaha katika vijiji vyetu. Mwanamke akiuliza swali katika kikao, huambiwa, "Huyo ni wa Beijing." Hata katika uwanja wa kanisa maneno hayo yasikika. Wako wanaoamini kwamba madai ya haki za wanawake ni mgeni aliyeshuka na ndege, na kwamba dini ya Ibrahimu, Isaka na Yakobo haiwezi kukaa naye nyumba moja. Wako pia wasomi wanaosema vivyo hivyo, ila wao waona heri dini ndiyo ihame. Twawaomba wote wawili wafungue kitabu cha Hesabu, ambacho wengi wetu hukiruka kwa sababu ya orodha zake ndefu za majina.

Pengine mtadhani twaelekea kwenye upadre wa wanawake. Hapana. Hilo Waanglikana wamelijadili miaka mingi. Baraza la Ushauri la Kianglikana lilipokutana Limuru, Kenya, mwaka 1971, lilipitisha kwa kura 24 dhidi ya 22 kwamba askofu akiwa na kibali cha jimbo lake aweza kumweka mwanamke wakfu kuwa padre. Na mwaka 2021 Rose Okeno aliwekwa kuwa Askofu wa Butere. Lakini si kila nyumba yenye padre, na karibu kila nyumba yetu ina shamba. Basi tuanze na shamba.

Selofehadi wa kabila la Manase alifia jangwani, akaacha binti watano: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa. Hakuwa na mwana wa kiume. Nchi ilikuwa karibu kugawanywa kwa hesabu ya wanaume, na nyumba yake haikuwamo. Wale dada hawakwenda kunong'ona jikoni, wala hawakumtuma mjomba awasemee. Walisimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, na Eleazari kuhani, na wakuu, na mkutano wote, wakadai sehemu kati ya ndugu za baba yao.

Angalieni hoja waliyotoa. Hawakusema kwamba mwanamke ni sawa na mwanamume. Waliuliza kwa nini jina la baba yao lifutwe katika ukoo wake kwa kuwa tu hakuzaa mwana. Walichukua jambo ambalo wazee walilipenda kuliko yote, yaani jina la baba, wakaligeuza kuwa ushahidi wao. Mtu wa siku hizi aweza kusema kwamba huo si ukombozi, maana bado ni baba anayetukuzwa. Twakubali kwa nusu. Lakini anayedai mbele ya baraza la wazee hana budi kutumia lugha ambayo wazee waielewa, na mabinti hawa waliijua vizuri kuliko wazee wenyewe.

Musa naye hakusema, "Mila yetu haina hayo." Hakuwa na jibu, akalipeleka neno lao mbele za Bwana. Jibu likaja kwamba mabinti wamesema sawa, wapewe. Tena halikuishia kwao watano, bali likawa sheria kwa Israeli yote: mtu akifa pasipo mwana wa kiume, urithi umwendee binti. Hapo sheria ya Mungu yenyewe iliongezwa kwa sababu wanawake walisimama wakauliza.

Tusifiche lakini upungufu wake. Binti mwenye kaka hakupata kitu kwa sheria hiyo. Na katika sura ya 36 wazee wa ukoo wanarudi na hofu yao: mabinti hawa wakiolewa na kabila jingine, ardhi itatoka kwetu. Wakakubaliwa. Mabinti wakaambiwa waolewe na wawapendao, ila ndani ya kabila la baba yao. Wakaolewa na wana wa ndugu za baba yao.

Hofu hiyo twaijua. Holaria Pastory, mwanamke wa Muleba, mkoani Kagera, aliachiwa shamba la ukoo na baba yake kwa wosia. Mwaka 1988 aliliuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Mtoto wa ndugu yake, Bernardo Ephrahim, akamshtaki, kwa kuwa kanuni za mila zilizoandikwa na Serikali mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, lakini si kuiuza. Mahakama ya Mwanzo ilimpa ushindi yule kijana. Ya Wilaya ikampa mama. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaamua kwamba kanuni ile yapingana na haki zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984, na kwamba mwanamke aweza kuuza kwa masharti yale yale ya mwanamume.

Je, Hesabu 36 yamtetea yule kijana? Kwa juu juu, ndiyo. Lakini tusome vizuri. Katika Israeli katazo la ardhi kuhama kabila lilimfunga kila mtu, na shamba lililouzwa lilirudi mwaka wa Yubile, awe ameuza nani. Muleba mwanamume wa ukoo akiuza, nduguze waliweza kulikomboa shamba kwa kurudisha bei. Mwanamke akiuza, mauzo yake yalihesabiwa si kitu. Kulinda ardhi ya ukoo ni neno jema, kama mzigo unabebwa na wote. Ukibebwa na dada peke yake, hapo ukoo haulindwi. Dada ndiye anayenyang'anywa.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yakataa mila inayomnyima mwanamke ardhi. Lakini sheria iko mjini, na kikao kiko nyumbani kwa marehemu. Twajua kinavyokwenda. Kwaya imeimba, mchungaji ameomba na kuondoka, matanga yamekwisha. Wazee wa ukoo wabaki wakigawa, na baadhi yao ni wazee wa kanisa. Mjane yuko jikoni akiwapikia chai. Binti zake waambiwa kwamba wao wataolewa. Kesho yake wote watakutana mezani pa Bwana.

Twaona kwamba mchungaji au mzee wa kanisa asiondoke mapema namna hiyo. Akae, aombe mjane na binti waitwe waketi, wasikilizwe kama wale watano walivyosikilizwa. Na akina baba waandike wosia wangali na nguvu, mbele ya mashahidi wanaotakiwa na sheria, wala wasiogope kwamba kuandika ni kujiitia kifo. Ayubu, alipopona, aliwapa binti zake watatu urithi pamoja na ndugu zao wanaume (Ayubu 42:15), na hakuna sheria iliyomlazimisha.

Maswali kwa vikundi vya Umoja wa Mama na kwa Baraza la Wazee: Kwa nini mabinti walihitaji kuja tena mbele ya Eleazari na Yoshua, ilhali Bwana alikwisha kuamua? Katika mtaa wetu, "mlango wa hema" ni wapi, na nani huzuiwa kuufikia? Katika mirathi ya mwisho uliyohudhuria, wanawake walikuwa wameketi wapi?