HESABU: PIKIPIKI YA UMEME, MARA MOJA AO KIDOGO-KIDOGO?

Ndugu wanafunzi, wengi wetu tuna kaka ao baba mdogo ambaye ni motari hapa Goma. Leo tufanye hesabu yake, lakini kwa pikipiki ya umeme.

Tuseme bei ni dola 1,500. Mwenye feza analipa mara moja, imekwisha. Asiye nazo anatoa 300, kisha 4 kila siku ya kazi, siku 6 kwa juma, majuma 78. Andikeni: 4 × 6 × 78 = 1,872. Ongezeni 300, ni 2,172. Amelipa 672 zaidi. Tena siku ya mvua kubwa pikipiki inalala, lakini ile 4 hailali!

Basi tulipe mara moja? Ngojeni kwanza. Batri ni ya bei kali, nayo inachoka. Ukiinunua, uchovu wake ni wako. Kule Kigali, tangu 2019, kampuni Ampersand inauza pikipiki pasipo batri. Motari anarudisha batri iliyokwisha, anachukua iliyojaa, analipia umeme aliotumia. Batri ikizeeka, ni shida ya kampuni. Lakini malipo hayo hayana mwisho, na pasipo kituo karibu huendi popote. Mahali pasipo kituo, lazima uwe na batri yako na uijaze nyumbani, kama umeme uko.

Zoezi: Motari wa mkopo amelipa majuma 60, kisha anaugua, na mwenye deni anachukua pikipiki. Amekwisha kutoa dola ngapi? Linganisheni na 1,500.